Kimya Kabla ya Ndiyo

Kofi la kumi na saba lilikuwa limenishinda.

Chris, mwenzangu wa darasa aliyepiga picha za sherehe ile, hakuwa na kibao cha kugonga mbele ya kamera. Kila alipoanza kipande kipya alipiga kofi moja, ili mimi baadaye nilitafute kofi hilo katika sauti na kulilaza juu ya kofi la picha. Yakikutana, midomo ya watu na maneno yao huenda pamoja. Yasipokutana, mzee anafungua mdomo na sauti inamfuata nyuma. Kazi hii haihitaji akili nyingi, inahitaji kutulia. Nilikuwa nasogeza sauti mbele, nyuma, mbele tena, na kwa siku ya tatu mfululizo nilijitahidi nisimtazame msichana aliyesimama katikati ya picha.

Msichana huyo alikuwa Joviale. Joviale wangu, ningesema, kama neno hilo lingekuwa bado na kazi. Picha zilikuwa za dot yake, sherehe ya mahari, siku watu wa Hugues, aliyemposa, walipomletea baba yake, kule Kadutu, mbuzi mmoja mzima na kamba za ng'ombe waliobaki kijijini.

Hakuna aliyeniambia. Fabien, mwalimu wetu wa montage, kazi ya kukata na kuunga picha, alimpa kila mwanafunzi kazi ya kweli kwa mtihani wa mwisho wa mwaka, na mimi nilipewa diski iliyoandikwa DOT KADUTU. Niliifungua asubuhi moja nikiwa na chai mkononi. Picha ya kwanza ilikuwa yeye, amevaa pagne ya njano, ameinamisha kichwa. Kwa wiki tatu nilikuwa nikimpigia simu bila kujibiwa. Niliweka chai chini, nikaendelea kupanga mafaili. Sikujua kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Ningeweza kuirudisha diski ile. Lakini ningeulizwa kwa nini, na mtu mwingine angekaa siku kadhaa akiutazama uso ule bila kuujua.

Picha ningezivumilia. Kilichonishinda kilikuwa sauti. Chris alitaka jibu la binti lisikike vizuri, kwa sababu katika dot jibu ndilo watu wanalongoja. Akaleta maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, akampa shangazi wa Joviale ambanie mwenyewe chini ya pagne, chumbani. Na kwa kuwa Fabien alikuwa amemkaripia mara mbili kwa kusahau kuwasha maiki, safari hii Chris aliiwasha mapema, kabla hata ya kuitoa kwenye mfuko wake. Ilisikia kila kitu. Kofi la kumi na saba lilikuja baada ya mazungumzo ya chumbani, ya Joviale na shangazi yake, na kila nilipolitafuta ilinibidi nipite pale.

"Tantine, nikitoka pale inje nitasema hapana."

"Utasema hapana mbele ya batu yote hii?"

"Nitasema. Mugisho—"

"Mugisho iko wapi? Siku papa yako alianguka, Mugisho alikuwa wapi?"

Hapo nguo inakwaruza maiki.

"Alikuwa Luvungi."

"Na nani alibeba papa yako kwa mugongo mupaka ku barabara, na mvua ile?"

"Hugues."

"Bon. Mi sisemi umupende. Nasema umukumbuke."

Mugisho ni mimi. Na ni kweli, nilikuwa Luvungi. Tulikuwa tumeshuka huko kupiga picha za wakulima wa mpunga, na Fabien ana sheria moja isiyovunjwa: tukirekodi sauti, simu zote zinazimwa na kuwekwa katika mfuko mmoja. Nilipofungua yangu jioni nilikuta Joviale amenipigia mara kumi na moja. Njia ya kwao haipandwi na gari, na siku ile hata wenye pikipiki walikataa matope. Hugues, fundi wa mabati wa nyumba ya pili, alimfunga mzee mgongoni kwa shuka, kama mama anavyombeba mtoto, akashuka naye mpaka barabarani. Daktari alisema ni moyo, na kama wangechelewa kidogo tu, mzee asingepona.

Hugues ni mtu mzuri. Ningependa kusema vingine.

"Mugisho!" Fabien alisukuma mlango. "Famille ya dot imefika. Banataka kuangalia ulipofikia."

Nilivua kofia za masikio nilizokuwa nikisikilizia sauti. Aliyetangulia kuingia alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwavuli mkononi, matone ya mvua kwenye kitenge. Nyuma yake, akijifanya anafunga sandali ambayo haikuwa na kamba, alikuwa Joviale.

"Karibu, maman," nilisema.

Mama yule hakuketi, na sauti yake niliijua: ndiye shangazi wa chumbani. "Amekuita namna gani?"

"Mugisho, maman."

"Bukavu imejaa bakina Mugisho," alisema polepole. Akamgeukia Joviale, na Joviale akaitazama sakafu kwa bidii. Shangazi hakuhitaji zaidi. "Ni weye wa Luvungi?"

"Mi ni wa Kasha, maman. Luvungi nilienda siku moja tu."

"Siku moja." Akaketi. "Ile siku moja."

Fabien hakuelewa chochote. Alinipiga bega. "Huyu ni muzuri sana, Maman Bibiane. Anakata hata mukohozi na hauoni fasi imekatika." Akatoka, akaenda kuhangaika na jenereta yake uani.

Niliwaonyesha nilichokuwa nimepanga. Wageni wakipanda njia ya mawe wakihema, vibuyu vya kasiksi, pombe ya ndizi, wazee wakitaniana kuhusu njia, mbuzi akila maua ya mapambo mpaka kijana mmoja akamvuta. Maman Bibiane alicheka pale. Joviale alisimama nyuma ya kiti cha shangazi yake. Sikugeuka, lakini kioo cha mashine, kila picha ilipokuwa na giza, kilinionyesha macho yake. Hayakuwa yakitazama sherehe. Yalikuwa kwenye kisogo changu.

Tukafika kwenye swali.

"Joviale, mwana yetu," aliuliza msemaji wa familia akiwa ameinua kamba, "hizi ng'ombe tuzipokee?"

Swali hili ni la binti peke yake. Baba halijibu, shangazi halijibu. Akisema "muzipokee", vigelegele vinapanda na mambo yamekwisha. Asiposema, watu wote wanabaki na mikono hewani.

Joviale wa kwenye picha hakusema. Sekunde tatu, tano, saba. Kwenye ya tisa aliinua uso, akautupa upande wa kulia, kulikokuwa na lango la ua. Langoni hapakuwa na mtu. Kisha akamtazama baba yake, Papa Polycarpe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, fimbo katikati ya magoti. Kutoka pale mzee aliona kitambaa cha kichwa cha binti yake tu. Kwenye sekunde ya kumi na tisa ndipo ilipotoka: "Muzipokee."

"Pale," alisema Maman Bibiane. "Simamisha. Kata ile kimya yote."

"Yote, maman?"

"Amuulize, ajibu. Shwaa! Batu yote bataona mutoto alikuwa na furaha."

"Nikikata tu, picha itaruka. Itaonekana imekatwa."

"Fabien anasema unajua kuficha."

"Ninaweka picha ingine juu yake. Batu wakiangalia ile ingine, hawaoni fasi ya kukata."

"Basi weka mbuzi."

"Mbuzi?"

"Eh, ile inakula maua. Batu watacheka, kisha atajibu."

Nyuma yake Joviale alitoa sauti ndogo, ambayo sikujua kama ni kicheko.

"Maman," nilisema, "kwa nini tukate? Binti yeyote anaweza kuona haya mbele ya watu."

Akakunja mwavuli wake vizuri, pindo kwa pindo. "Papa yake hajalala tangu ile siku. Anauliza, 'Mutoto alinyamaza juu ya nini? Uso yake ilikuwa namna gani?' Alikuwa amekaa vibaya, hakuona. Nikamujibu ni haya. Hasadiki. Sasa kesho saa tatu ya asubui anakuja hapa yeye mwenyewe. Nimemwambia video iko tayari."

"Kesho?"

"Kesho. Na katika wiki tatu ni misa ya ndoa. Unaelewa sasa?"

Nilielewa. Picha ile mzee akiiona, angejua.

Maman Bibiane akasimama. "Naenda kununua karanga pale ku barabara. Niko mutu muzima, najua hakuna kitu mutafanya hapa na mulango wazi. Nikirudia, iwe imekatika."

Aliacha mlango wazi kweli, wazi kabisa, na hatua zake zikapungua uani.

Mvua ilikuwa nyepesi juu ya mabati. Joviale akazunguka kiti, akaketi alipokuwa amekaa shangazi yake, magoti pamoja, mikono katikati ya mapaja. Alikuwa amekonda. Mkono wake wa kulia ulikuwa na ile alama ya zamani ya pasi, ya kule anakoshona. Niliijua alama ile kuliko nilivyojua mkono wangu.

"Uliona kwa hii mashine?" aliuliza. "Ndiyo ilikuambia?"

"Ndiyo."

"Nisamehe."

"Ungeniambia, Jo."

"Ningekuambia, ungekuja. Ungekuja na nini? Miaka mbili, tonton yako hajakuja kugonga kwetu hata mara moja."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilimwomba Tonton Pascal, mjomba wangu, mara tatu aende kuniposea. Mara ya tatu alinicheka mbele ya watoto: "Mutu anaendaka kuomba bibi na kamera mukononi? Maliza kwanza, upate kazi, njo tuongee." Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Nilidhani mwaka si kitu.

"Kwenye picha," nilisema, "sekunde ya tisa. Uliangalia langoni."

Akautazama mlango uliokuwa wazi.

"Uliangalia nini, Jo?"

"Nilizani utaingia."

"Sikujua hata kama kuna sherehe."

"Najua hukujua. Mi mwenyewe nilikuficha. Na bado niliangalia portail." Akafuta jicho kwa kiganja, haraka, kama anayeondoa uzi. "Unaona vile niko mujinga?"

Nilifanya kitu ambacho sijui mpaka leo kama kilikuwa haki. Nilichukua kofia za masikio, nikampa.

"Kuna kitu unapaswa kusikia. Maiki yako ilikuwa imewaka mapema."

Akazivaa. Nikarudisha sauti mahali pale, nikabonyeza. Sikusikia chochote upande wangu. Niliona uso wake tu. Niliyajua maneno yale kwa kichwa, kwa hiyo niliweza kuyafuata usoni mwake. Hapa anasema atakataa. Hapa anataja jina langu. Hapa anaulizwa siku ya mvua. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kifuani, mahali maiki ilipokuwa imebanwa, ukabaki pale.

Akazivua. "Nani amesikia?"

"Mi peke yangu."

"Na Chris?"

"Chris hasikilizaka vitu anapiga."

Karibu atabasamu. "Unaweza kuifuta?"

"Naweza."

"Usiifute." Kisha, upesi: "Lakini papa asiisikie. Hata siku moja."

"Akisikia?"

"Atasimama. Atakamata zile kamba na kuzirudisha yeye mwenyewe, kwa miguu, mupaka kwa Hugues. Hatangoja hata avae kofia. Namujua. Na daktari amesema asipande mulima, asiwe na hasira, asi... Haitafika katikati ya njia, Mugisho. Roho yake haitafika."

"Na akiona kimya tu? Bila sauti ya chumbani?"

"Papa si mujinga. Akiona nageuka kule, ataniuliza nilikuwa nangojea nani. Na mi siwezi kumudanganya papa. Ye anaweza kuniuliza kitu yoyote, namujibu. Njo sababu namukimbia hizi siku zote, naenda atelier kushona asubui mbele aamuke."

Nilitazama kile kipande cha kimya kwenye mstari wa kazi. Kilikuwa kifupi kama ukucha. Nilikuwa nacho mkononi, nacho kilikuwa na nguvu ya kumrudisha kwangu, na nisingeweza kukitumia bila kupita juu ya kifua cha mzee mgonjwa ambaye hajawahi kunikosea.

"Unampenda?" niliuliza.

"Hugues?" Alifikiri kwa uaminifu, kama kawaida yake. "Kila siku ananipigia simu, swali moja: 'Umekula?' Nikisema ndiyo, anasema, 'Haya, muzuri,' anakata. Mutu wa vile, unamuchukia namna gani?"

"Na mimi?"

"Weye usiniulize ile."

Tukatazamana basi, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Sitasema macho yake yalikuwa kama nini. Yalikuwa yake. Kisha yakashuka kwenye shati langu.

"Kifungo yako inataka kuanguka."

"Ungeishona."

Mkono wake ukatoka pajani, ukafika karibu na kifungo, ukakaa hewani. Nje, hatua zilisikika kwenye changarawe. Mkono ukarudi.

"Kata, Mugisho," alisema kwa sauti ya chini. "Weka ile mbuzi."

"Nikikata, umekwenda."

"Na ukiacha, papa akianguka, mi sitaweza kukuangalia tena. Hata kama niko kwako, ndani ya nyumba yako, sitaweza."

"Na nikikata?"

"Nitakuangalia. Kwa mbali, lakini nitakuangalia."

Maman Bibiane aliingia na karanga katika karatasi. Alinitazama, akamtazama mpwa wake, kisha, bila kuuliza, akaiweka karatasi yote mbele yangu. "Kula. Uko mukondo." Akaelekeza kidevu kwenye mashine. "Imekatika?"

"Bado, maman."

Nilidhani atakasirika. Alikaa kwenye ukingo wa meza, akazungumza kwa upole ambao ulinimaliza kuliko ukali. "Sikiliza, mutoto yangu. Mi sikuchukii. Miye siku yangu sikunyamaza hata seconde moja. Nilisema 'muzipokee' mbele mutu amalize kuuliza. Batu wakapiga vigelegele! Na nililia miaka saba. Sasa huyu amenyamaza, pengine atacheka miaka makumi. Nani anajua? Kimya si kitu ya kuweka mbele ya muzee mugonjwa."

"Na kama atalia naye miaka saba?"

"Basi nitakuwa nilikosea," alisema. "Nitaibeba. Lakini kaka yangu atakuwa na nafasi ya kuona bajukuu."

Akamshika Joviale mkono. Mlangoni, Joviale alisimama. Aliongea mbele ya shangazi yake, wazi, kama mteja anayeacha maagizo.

"Kesho papa akija, ni weye utakuwa hapa?"

"Ni mimi."

"Umuongeleshe upande wa kuume. Sikio ya kushoto haisikii vizuri. Na usimuache asimame, atasema hachoki. Anachoka."

"Sawa."

"Na umupe chai. Sukari kidogo."

"Sawa, Jo."

Miaka miwili nilikuwa nimejiandaa kukutana na baba yake. Nilijua hata shati nitakalovaa.

Walipoondoka nilifanya kazi kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio uliobaki. Nikachukua wembe wa mashine, nikakata pale swali linapoisha. Nikakata tena pale jibu linapoanza. Kipande kikasimama peke yake katikati. Nikaleta mbuzi, nikamlaza juu, nikarudisha nyuma, nikaangalia. Msemaji anauliza. Mbuzi anakula maua. Binti anasema muzipokee. Vigelegele.

Ilikuwa safi. Usingeona chochote. Ukiangalia hivi ungesema msichana huyu hajawahi kusita maishani mwake, na hilo nililifanya mimi, kwa mikono yangu, na nililifanya vizuri.

Nikamwondoa mbuzi. Uso wa Joviale ukarudi, ukainuka, ukatafuta langoni. Nikamrudisha mbuzi. Nikamwondoa tena. Nikajaribu kuacha sekunde nne tu, zile za mwanzo ambazo ameinama. Mtu angesema ni haya. Lakini nilipofika kwenye ya nne mkono ulikataa kukata hapo, ukaacha ziendelee mpaka ya tisa.

Sijui nilirudia mara ngapi. Karanga sikuzigusa. Fabien alipoingia, dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeusi na mvua imekwisha.

"Weye bado? Essence ya jenereta inaisha, nataka kuzima. Umemaliza?"

"Imebaki kipande kimoja."

"Kikubwa?"

"Sekunde kumi na tisa."

Akaguna. "Dix-neuf secondes, na uko hapa tangu nilikuacha? Unaiweka ao unaitoa?"

"Sijue, Fabien."

Aliinama, akatazama kioo juu ya bega langu. Pale nilipokuwa nimesimamisha, Joviale alikuwa ameinua kichwa, midomo imefunguka kidogo, bado hajasema. Fabien alisogea karibu zaidi.

"Binti anangojea mutu," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Inaonekana kabisa." Akajikuna shingo. "Hifadhi kazi. Utaona kesho, na macho mupya."

Nikahifadhi kama ilivyokuwa: kimya kimekatwa pande zote mbili, lakini hakijatolewa mahali pake. Fabien alikuwa tayari mlangoni, ufunguo mkononi.

"Kesho mapema," nilimwambia. "Unifungulie saa mbili."

"Juu ya nini saa mbili?"

"Saa tatu baba yake anakuja. Nataka kwanza nimtafutie kiti kizuri, asisimame."